Ukihamia kijiji cha Uingereza, jitambulishe kabla hujatambulishwa

Wiki iliyopita dada mmoja aliyeko Leicester aliniandikia. Mwajiri wake anamhamishia kwenye nyumba ya kulelea wazee katika kijiji kimoja cha Lincolnshire, watu hawafiki mia nne, basi la mwisho linapita saa kumi na mbili jioni. "Dada, shikamoo. Nimeweka postikodi kwenye ramani ya polisi, naona ukatili na makosa ya kingono ndiyo yanaongoza. Huko ni salama kweli? Ninunue ile pilipili ya kupuliza? Na binti yangu nije naye?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hadharani kwa sababu wengi wananiuliza haya haya, na kwa sababu mimi mwenyewe naishi kijiji cha namna hiyo, mkoa huo huo. Ninayokuambia niliyapata kwa machozi kabla hayajawa fahari yangu.

Tuanze na pilipili: usinunue. Sheria ya silaha ya mwaka 1968 inaiweka katika kundi la silaha zilizokatazwa kabisa. Ukikutwa nayo kwenye mkoba, mkosaji ni wewe, hata kama uliyemwogopa yupo kweli. Kisu cha jikoni nacho usitembee nacho. Ile kengele ndogo ya kubonyeza ikapiga kelele inaruhusiwa na bei yake si kubwa. Ibebe hiyo.

Sasa ramani. Tovuti ya police.uk ni nzuri na mimi huifungua, lakini lazima ujue unachokitazama. Lile kundi lililokutisha, la ukatili na makosa ya kingono, linaongoza karibu kila mahali England, mjini na shamba. Ndani yake mmetiwa kuanzia kupigwa na kuumizwa hadi kusumbuliwa, kufuatwafuatwa na kutumiwa ujumbe wa vitisho kwenye simu. Sehemu kubwa ni mambo ya ndani ya nyumba, kati ya watu wanaojuana. Siyo kwamba hayana uzito, yana uzito sana. Ila hayakuambii kwamba kuna mtu amejificha nyuma ya ua anakusubiri utoke kazini. Halafu ile nukta haikai pale tukio lilipotokea. Husogezwa hadi sehemu ya jirani ili nyumba ya aliyeumizwa isijulikane. Na hesabu ya kijiji inadanganya kwa udogo wake: matukio manne kwa watu mia nne ni sawa na kumi kwa kila watu 1,000, na familia moja yenye ugomvi inaweza kuyafikisha hayo manne peke yake.

Utapeli hauonekani kabisa kwenye ramani hiyo, ilhali ndio uhalifu unaowapata watu wengi kuliko mwingine wowote England na Wales. Ukipigiwa simu na mtu anayedai ni benki yako, kata, kisha piga 159, utaunganishwa na benki yenyewe. Namba hiyo nimewafundisha wazee wengi ninaowahudumia, na wewe utawafundisha wako, maana wanaopigiwa zaidi ni wao. Kuna pia mafundi wanaogonga mlango, wanasema wameona vigae vya paa lako vimelegea na watavirekebisha leo leo kwa fedha taslimu. Waambie hapana, funga mlango.

Wizi wa shamba wenyewe una sura yake. Wanaiba pikipiki za magurudumu manne, kondoo, na vile vifaa vya setelaiti vya kuongozea trekta, vinavyokaa juu yake. Bima kubwa ya wakulima, NFU Mutual, ilikadiria kwamba mwaka 2023 uhalifu wa mashambani uligharimu Uingereza pauni milioni 52.8, na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria mahususi ya kuzuia wizi wa vifaa hivyo. Nyumba nyingi za vijijini hazina bomba la gesi, zinapashwa joto kwa mafuta yaliyo kwenye tangi nje, na mafuta hayo hunyonywa usiku. Makanisa ya kale huvuliwa mabati ya madini ya risasi yaliyoezekwa paani. Na hapa Lincolnshire, mavuno yakiisha na mashamba yakibaki wazi, wanaume wanakuja na magari na mbwa wa mbio kufukuza sungura wa porini, wanacheza kamari juu ya mbwa, wanakanyaga mazao na kumtishia mkulima anayetoka kuwauliza. Hilo ni kosa tangu sheria ya uwindaji ya 2004, na mwaka 2022 adhabu ziliongezwa. Polisi wa mkoa wana operesheni nzima kwa ajili yake, inaitwa Galileo.

Nimekawia kwenye habari za sungura makusudi, kwa sababu ndio mlango wa habari yangu.

Ilikuwa Novemba. Nimetoka zamu ya usiku, giza bado, baridi inauma, nimevaa koti refu, kofia ya koti kichwani, skafu hadi puani. Kutoka kituo cha basi hadi kwangu hakuna taa hata moja. Gari likapita polepole, likasimama mbele kidogo, likaondoka. Sikujali. Jioni mwenzangu wa kazini akaniuliza kama nimeona ukurasa wa Facebook wa kijiji. Picha yangu, kwa nyuma. Maandishi yakisema mwanamume mweusi anachungulia nyumba za karibu na kanisa, watu wafunge milango na magari. Mwanamume! Chini yake wamejaa wanaosema nao wamemwona, yupo kila asubuhi, polisi waitwe.

Kati ya walioandika alikuwemo mtu ambaye asubuhi ile ile nilikuwa nimemwogesha mama yake, nikamsuka nywele, nikamlisha uji. Siandiki hili ili nihurumiwe. Naliandika kwa sababu hata leo nikimwona dukani kifua kinanibana, na hajawahi kuniomba radhi.

Askari jamii alikuja, mama mmoja mstaarabu. Alipoona sare yangu kwenye kamba ya nguo na beji ya kazi mezani alielewa kabla sijafungua mdomo. Yeye ndiye aliyenisimulia habari za sungura na za vifaa vya trekta, kwamba msimu ule wakulima wanapiga picha kila mgeni wanayemwona. Nilielewa. Maumivu hayakuondoka kwa kuelewa. Wafukuza sungura wanakuja kwa magari na mbwa. Mimi nilikuwa na kibakuli cha chakula na mguu unaoniuma.

Usiku ule niliandika kwenye ukurasa ule ule. Niliweka picha yangu nikiwa na sare, uso wazi, nikasema: huyu ni mimi, naishi nyumba ya kona, natoka Tanga, Tanzania, ninawalea wazazi wenu usiku mkiwa mmelala, na mkiniona asubuhi nisalimieni. Picha ya kwanza ikafutwa bila neno. Mwezi uliofuata nikaenda kwenye mkutano wa baraza la kijiji. Nataka ulishike hili, mdogo wangu: vijiji vingi vya England vina baraza lake, mabaraza hayo yapo tangu sheria ya 1894, mikutano yake iko wazi kwa kila mtu, na kwa kawaida wakazi hupewa muda wa kusema. Nilikuwa mweusi pekee ukumbini na Kiingereza changu kilitetemeka mwanzoni. Nikasema niliyotaka kusema: kwamba usalama unaomjumlisha mhudumu wa wazee pamoja na wezi haumlindi mtu yeyote, na kwamba kituo cha basi kinahitaji taa. Taa ilichukua muda mrefu kupatikana. Lakini ipo sasa, na kila nikishuka basi naitazama.

Leo mimi ndiye mratibu wa Neighbourhood Watch wa mtaa wetu. Mpango huo ulianzia kijiji kidogo cha Mollington, kule Cheshire, mwaka 1982, majirani wakaamua kutazamiana nyumba. Waliniomba wenyewe niushike. Najivunia, na sioni sababu ya kuficha.

Kwetu ukihamia, mjumbe wa nyumba kumi anajua kabla hujafungua mizigo. Jirani analeta maji, anauliza umetoka wapi, ukoo gani, umeolewa wapi. Kijiji cha England hakina mjumbe wa kukupokea, na jirani anaona ni adabu kutokukuuliza. Kwa hiyo anabaki hajui, na asichokijua anakijaza mwenyewe. Kazi ya mjumbe itabidi uifanye wewe mwenyewe, tena wiki ya kwanza. Gonga mlango wa kulia na wa kushoto, sema jina lako, sema unafanya kazi wapi na unatoka zamu saa ngapi. Salimia kila unayekutana naye njiani, hata asipoitikia. Nenda kanisani au kwenye chai ya ukumbi wa kijiji. Kama wewe ni Mwislamu, chai ya ukumbini inatosha. Jitambulishe. Halafu jitambulishe tena.

Nilijua thamani yake kiangazi cha 2024. Baada ya shambulio lililoua watoto watatu katika mji wa Southport tarehe 29 Julai na uongo kusambaa mitandaoni kuhusu aliyewaua, fujo zililipuka Hull, Rotherham, Sunderland, Middlesbrough na kwingineko. Wenzetu wa mijini walikuwa wanaandikiana wasitoke. Wengine waliomba ruhusa kazini wakajifungia. Siku moja jioni mlango wangu uligongwa, nikachungulia dirishani kwanza moyo ukinidunda. Alikuwa jirani yule mwenye mbwa wawili, ameshika funguo za gari. Akasema wiki hii hupandi basi, mimi ndiye nakupeleka kazini na nitakurudisha. Akafanya hivyo hadi mambo yalipotulia. Mwanamke yule nilianza kumsalimia yeye akiwa hajui hata kulitamka jina langu.

Nina neno kwa ndugu zangu ambao kijijini wanajua njia mbili tu, ya kazini na ya kitandani. Mnatoka kazini mnafunga pazia, mnaongea na Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura usiku kucha, jirani wa ukuta mmoja hamjui jina lake. Siku ukianguka bafuni nani atavunja mlango? Siku picha yako ikiwekwa kwenye ukurasa, nani atasema namjua? Amkeni. Ninyi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda ni raia wa nchi za Jumuiya ya Madola. Mkiwa na kibali halali cha kuishi hapa mna haki ya kujiandikisha na kupiga kura, hata za ubunge. Ni wangapi mmejiandikisha? Diwani anamsikiliza mpiga kura.

Na msinyamaze mkitukanwa. Tangu ripoti ya Macpherson ya 1999, iliyotokana na mauaji ya kijana Stephen Lawrence, tukio linahesabiwa kuwa la kibaguzi pale aliyetendewa au mtu mwingine yeyote anapoliona hivyo. Huhitaji kuleta ushahidi kwanza ndipo utoe taarifa. Piga 101 kwa lisilo la dharura, 999 kwa la dharura. Kama uko hatarini na huwezi kusema, piga 999 kwa simu ya mkononi, ukiombwa bonyeza 55. Anayepigwa nyumbani kwake ana namba ya bure usiku na mchana, 0808 2000 247. Kijijini polisi wanatoka mbali, kwa hiyo piga mapema, usisubiri hadi mlango uvunjwe. Wala usijichukulie sheria mkononi. Norfolk, jirani yetu hapa, mkulima Tony Martin alimpiga risasi na kumuua kijana wa miaka 16 aliyeingia kuiba nyumbani kwake mwaka 1999. Aliingia jela, na nchi nzima ikabishana miaka juu ya nani alikuwa na haki. Kijana hakurudi.

Hatari yako kubwa zaidi huko haina mikono ya mwizi. Ni barabara. Zaidi ya nusu ya vifo vya barabarani Uingereza hutokea barabara za vijijini, na nyingi kati ya hizo zinaruhusu maili 60 kwa saa, karibu kilomita 97, bila njia ya miguu, na hapa Lincolnshire kuna mitaro mirefu pembeni. Tembea upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja. Vaa kizibao kinachong'aa juu ya koti, hata ukionekana kama fundi wa barabara. Mimi huvaa, na tangu nianze kukivaa hakuna aliyenipiga picha tena.

Binti yako mlete. Shule ya msingi huenda ipo hapo hapo kijijini, sekondari atapanda basi hadi mjini. Shule ya karibu inayomfaa ikiwa zaidi ya maili tatu, halmashauri inapaswa kumpa usafiri bure, na kama hajafika miaka minane, umbali ni maili mbili. Omba usafiri huo mapema, kabla hujahama, maana fomu zao zina tarehe za mwisho. Na mnunulie kizibao chake. Niandikie jina la kijiji kwa ujumbe wa faragha, kama kiko upande wa Spalding au Boston naweza kuja siku ya mapumziko tuzunguke pamoja milango ya kwanza.