Maswali ya wavuvi: Mshipi wa kina kirefu wakati wa kiangazi

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Bangwe, hapa Kigoma. Shemeji yangu anaishi Thunder Bay, Kanada. Kila Julai ananitumia picha za samaki anaowaita trauti wa ziwani. Anawatoa mita 25 hadi 40 chini, kwa mshipi wenye risasi nzito na chambo cha bandia. Anasema wakati wa joto samaki wakubwa wote hushuka, na anayevua juu anapoteza muda wake. Mimi nina mtumbwi na nailoni ya kutosha. Nikishusha mshipi mita 150 au 200 mwezi wa sita au wa saba, nitapata kuhe na sangala wakubwa? (Msomaji, Bangwe)

JIBU: Marahaba mwanangu. Shemeji yako anasema kweli, lakini ni kweli ya ziwa lake. Kabla hujakata hiyo nailoni, elewa kinachompeleka yule samaki chini.

Trauti wa ziwani ni samaki wa baridi. Maji anayoyapenda ni ya nyuzi kama 10 hivi za Selsiasi. Kule kwao, barafu ikishayeyuka, anaonekana hata karibu na ufuko. Lakini Julai jua linapasha maji ya juu hadi nyuzi 20 na zaidi, na hapo hawezi kustarehe. Anashuka mpaka avuke tabaka la maji moto, aingie kwenye baridi. Shemeji yako anapoteremsha risasi mita 30, anaufuata ubaridi. Tena samaki huyo ana bahati nyingine: maziwa mengi ya kule hujichanganya mara mbili kwa mwaka, majira ya baridi yanapoisha na yanapokaribia. Maji ya juu yakifika nyuzi 4 yanakuwa mazito, yanazama, na kupeleka hewa chini. Ndiyo maana katika Ziwa Superior, lenye kina cha mita 406, wapo trauti wanene wa mafuta wanaoishi chini ya mita 100 bila shida.

Sasa njoo kwetu. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, ni ya pili duniani baada ya Baikal. Mtu akisikia hivyo anadhani samaki wamejaa mpaka chini. Sivyo. Hatuna majira ya baridi ya kuligeuza ziwa. Juu maji yana nyuzi 25 hadi 28, chini kabisa ni 23 na kidogo. Tofauti ni ndogo, lakini inatosha kuyafanya maji ya juu yaelee juu ya yale ya chini mwaka baada ya mwaka, na hewa haishuki. Huku kaskazini, kwenye mita kama 100 oksijeni imekwisha. Kusini inashuka zaidi, karibu mita 200. Chini ya hapo kuna gesi yenye harufu ya yai viza, na samaki hawaishi. Mshipi wako wa mita 200 hapo nje ya Bangwe utaning'inia mahali ambapo hakuna kinywa cha kuula.

Kwa hiyo usitafute sakafu ya ziwa. Tafuta sakafu ya hewa, halafu vua juu yake.

Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi wa mshipi wa Katonga, na alinifundisha kupima kwa mikono. Nyoosha mikono yote miwili, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole: hiyo ni pima moja, kama mita 1.8. Kila pima tano unafunga uzi mwekundu, kila pima kumi uzi mweupe wenye mafundo mawili, ili hata gizani kidole kikuambie uko wapi. Pima 50 ndiyo iwe mwisho wako. Na uangalie mshipi umesimama vipi. Mtumbwi ukisukumwa na upepo, mshipi unalala. Ukilala nusu kati ya wima na mlalo, pima 30 ulizotoa zimekupeleka chini pima 21 tu. Vijana wengi wanaapa wanavua pima 40 kumbe hawajafika 25. Ongeza risasi, au mwenzako ashike kasia auzuie mtumbwi mpaka mshipi usimame.

Jambo la pili: samaki wetu hawakimbii joto. Wanafuata chakula, na chakula kinafuata mwanga. Dagaa wakati wa mchana wanashuka kujificha, jioni wanapanda. Mgebuka, samaki anayewawinda, yuko nyuma yao. Sangala mkubwa mchana hukaa chini karibu na mwamba, usiku naye anasogea juu. Ndiyo maana wenye taa wanavua usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi inabaki mchangani pale Kibirizi. Kwa mvuvi wa mshipi maana yake ni hii: jua la utosini, weka chambo pima 30 hadi 45. Jua likianza kuelekea milima ya Kongo, pandisha pima tano, subiri, pandisha tena. Usikae kina kimoja kutwa nzima ukilaumu chambo. Na chambo kizuri ni dagaa mzima, mbichi wa usiku huohuo, ndoano ipite kwenye macho ili mwili usichanike. Chambo cha bandia cha shemeji yako kitafanya kazi pia, mradi ukipandishe na kukiachia kidogokidogo kama samaki aliyeumia.

Kuhe ni habari ya peke yake, na ningependa uisome kwa utulivu. Yumo Tanganyika tu, hapatikani ziwa lingine lolote, na ni mmoja wa wakubwa kabisa katika ukoo wa perege na sato. Baba na mama wanalinda watoto pamoja. Ukiona kuhe wawili wamesimama kwenye maji ya kina kifupi, na kati yao kuna wingu la vitoto, waache. Ukimtoa mmoja, samaki wengine watakimaliza kizazi chote kabla hujamfikisha ufukoni. Mvue kuhe anayewinda, kwenye maji ya wazi.

Kuhusu upepo: Kusi linavuma tangu Mei hadi Septemba hivi, na linasukuma maji ya moto ya juu kuja huku kaskazini. Yanarundikana upande wetu, na mpaka wa maji baridi unashuka. Upande wa Mpulungu, Zambia, maji ya chini yenye rutuba yanapanda. Kusi likikoma, maji yanarudi, yanapanda na kushuka, na wakati huo kwetu nako chakula huongezeka. Mimi ningesubiri Septemba au Oktoba kuliko kuhangaika na mawimbi ya Julai kwenye mtumbwi mdogo. Na usitoke bila jaketi okozi, hata kama unaogelea vizuri.

Halafu kuna hili kubwa zaidi. Nchi nne za ziwa hili zilikubaliana kulipumzisha, na mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Miezi uliyoitaja imo humo humo. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote nenda kwa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi, ya mwalo wako au ofisi ya uvuvi, uulize tarehe za mwaka huu, na ukate leseni. Najua nyumba nyingi zinalala na njaa ziwa likifungwa, na silisemi hili kwa wepesi. Lakini nimeishi kando ya maji haya tangu utoto, na migebuka niliowaona wakishushwa zamani walikuwa warefu kuliko wa sasa. Ningetaka watoto wako nao wawaone.

SWALI: Shikamoo baba. Nauza samaki Ujiji. Wavuvi wa mshipi wananiletea sangala tumbo limetokeza mdomoni na macho yamevimba. Wateja wanasema amekufa kwa sumu. Ni kweli? (Mama muuza samaki)

JIBU: Marahaba mama. Hapana, hiyo ni dalili ya kina. Sangala ana mfuko wa hewa tumboni unaomsaidia kuelea. Kwenye mita 50 maji yanamkandamiza mara sita ya kule juu. Akivutwa haraka, hewa ile inatanuka karibu mara sita, inakosa pa kutokea, na inasukuma tumbo kupitia mdomoni. Kuhe na mgebuka nao mfuko wao umefungwa vivyo hivyo. Trauti wa Kanada ana njia ya kutoka mfukoni hadi kooni, kwa hiyo akipandishwa anaitoa hewa mdomoni kama mtu anayecheua.

Waonyeshe wateja wako mashavu ya ndani. Yakiwa mekundu, nyama ikirudi ukiibonyeza, na harufu ni ya ziwa tu, samaki ni mbichi. Aliyelala ndiye wa kuogopa, na huyo utamjua kwa mashavu ya kijivu na nyama inayobaki na shimo la kidole.

Na hapa namrudia kijana wa Bangwe: wazungu wengi huvua trauti, wakampiga picha, wakamrudisha majini. Usijaribu hivyo kwa kuhe uliyemtoa pima 30. Ataelea ubavu mpaka mwewe amchukue. Ukishapata wa kuwatosha nyumbani, kunja mshipi.

SWALI: Mzee, hao trauti hawawezi kuletwa wakapandwa Bwawa la Igombe, nasi wa Tabora tukavua? (Mfugaji samaki, Tabora)

JIBU: Hawawezi. Maji ya Igombe ni ya joto mwaka mzima, na trauti wa ziwani maji ya nyuzi 23 au 24 tayari yanamweka kwenye hatari ya kufa. Hata pale anapoweza kuishi, kumpeleka si jambo la kufanya kienyeji. Huko Marekani alionekana mwaka 1994 katika Ziwa Yellowstone, ambako si kwao, na akawala trauti wa asili wa pale mpaka wakapungua vibaya. Hadi leo wanalazimika kumvua kwa nyavu kila mwaka ili kumpunguza. Fuga perege na kambale, na vifaranga uvinunue baada ya kuzungumza na ofisa uvuvi wa halmashauri yako.