Kabla ya kuwasha feni mlangoni: kwa wadogo zangu wanaotaka kupima uvujaji wa hewa

Wadogo zangu mnaomaliza masomo ya ujenzi hapa Goma, wengi wenu mmekuwa mkiniuliza kuhusu kazi niliyoifanya Ufaransa: kupima nyumba mpya kama inavuja hewa. Mmesikia kuna ajira, na ni kweli ipo. Ufaransa na Uingereza nyumba mpya ya kuishi haikubaliwi mpaka ipimwe, na majimbo mengi ya Marekani yanadai hivyo hivyo, kwa sababu hewa inayopenya ovyo inatoka na joto ambalo mwenye nyumba amelilipia. Nitawaeleza ninayoyajua. Lakini kuna jambo moja ningependa mlishike kuliko mengine yote: kabla hujauliza nyumba inavuja kiasi gani, jua hewa yake inaingilia wapi na kutokea wapi. Namba inatakiwa na ofisi. Njia ya hewa inawahusu watu watakaolala humo ndani.

Kipimo chenyewe hakina fumbo. Unafunga fremu yenye turubai kwenye mlango wa nje, unaweka feni katikati yake, unafunga madirisha na milango yote ya nje, unaacha ya ndani wazi, kisha feni inavuta hewa kuitoa nje. Manometa yenye mirija miwili ya mpira inakuonyesha tofauti ya shinikizo kati ya ndani na nje. Tofauti hiyo, inayopimwa kwa paskali, ikifika 50, unasoma feni inapitisha hewa kiasi gani ili kuishikilia hapo, maana kila inachotoa kinarudi kupitia nyufa. Paskali 50 si nguvu ya kutisha: ni uzito wa maji yenye kimo cha milimita 5, au upepo wa kilomita kama 30 kwa saa unaogonga ukuta.

Chukua nyumba ya mita 10 kwa 10, yenye kimo cha mita 2.7 hadi plafo (dari). Ujazo wake ni mita za ujazo 270. Feni ikipitisha 810 kwa saa, hewa ya nyumba nzima inabadilika mara 3 kwa saa. Hiyo 3 ndiyo kikomo cha kanuni ya nishati ya Marekani ya mwaka 2012 kwa maeneo mengi ya nchi. Maeneo yake ya joto zaidi yaliruhusiwa 5.

Hapa kuna mtego unaowanasa wageni wengi. Ufaransa kikomo cha nyumba ya familia moja ni 0.6, na wajenzi wa nyumba za kiwango cha Passivhaus, kilichoanzia Ujerumani, nao wanasema 0.6. Hizo ni namba mbili zisizohusiana. Ile ya Ufaransa ni mita za ujazo kwa saa kwa kila mita ya mraba ya kuta na paa, bila kuhesabu sakafu ya chini, tena kwa paskali 4 tu. Ile ya Passivhaus ni mara ambazo hewa yote inabadilika kwa saa, kwa paskali 50. Fanya hesabu kwa nyumba yetu ya mita 10 kwa 10: ikipita Ufaransa kwa 0.6 kamili, kwa paskali 50 hewa yake itabadilika karibu mara 2.4 kwa saa. Imelegea mara nne kuliko ile nyingine. Ukiandika namba bila kipimo chake na bila shinikizo lake, hujaandika kitu.

Siku ya kupima, usikimbilie feni. Zunguka nyumba kwanza. Pima ujazo kwa mkono wako, ndani, kutoka lipu hadi lipu, wala usiamini mchoro. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu hapo ndipo udanganyifu mwingi unapoingia, mara nyingine bila mtu kukusudia. Tuseme feni inapitisha 900 kwenye nyumba ileile. Ukigawa kwa 270 unapata 3.3, nyumba imeshindwa. Mtu akikupa vipimo vya nje, mita 10.4 kwa 10.4 na kimo cha mita 3, ujazo unakuwa kama 324, na 900 ileile inatoa 2.8. Nyumba imefaulu kwenye karatasi, na hakuna ufa hata mmoja ulioguswa.

Kisha angalia kilichozibwa. Kanuni inaruhusu kufunga vitundu vya hewa vilivyopangwa, kwa mfano bomba la mashine ya kupitisha hewa, na kujaza maji kwenye sifoni (mabomba yaliyopinda yanayoshika maji) za choo na sinki, ambazo katika nyumba mpya mara nyingi ni kavu. Kuziba nyufa zenyewe kwa skochi (utepe wa gundi) hairuhusiwi. Utakutana na wasimamizi wa shantie (eneo la ujenzi) waliobandika skochi kwenye plagi zote za umeme na kuzunguka kifuniko cha dari, halafu wanakuharakisha. Bandua. Piga picha kabla na baada. Ukisaini ripoti ya namna hiyo, jina linalobaki chini ya karatasi ni lako.

Ukishafika paskali 50, usisome namba na kuondoka. Tembea na ubani unaofuka au na kiganja chenye maji kidogo. Utasikia hewa kwenye visanduku vya swichi, bomba linapopenya ukuta, fremu ya dirisha inapokutana na tofali, na zaidi ya popote ukuta unapokutana na plafo. Fundi akiishia lipu palepale plafo inapoanza, tofali za juu zinabaki uchi, na tofali zenye uwazi ndani zinapitisha hewa mpaka chini kwenye plagi. Utaziba plagi mpaka uchoke, kumbe mlango wa hewa uko juu. Mwambie fundi apige lipu mpaka mwisho wa ukuta kabla ya plafo kufungwa. Ni ushauri wa bei ndogo kuliko yote niliyowahi kutoa, na ndio uliosaidia nyumba nyingi kuliko yote.

Sasa tuje nyumbani. Nyumba nyingi hapa Goma ni za mbao juu ya mawe ya volkano, na kuziwekea feni ni kupoteza muda wa mwenye nyumba. Zile za tofali na simenti zinazoongezeka ni jambo jingine, nazo zinanitia wasiwasi. Mama mmoja niliyemwonyesha jinsi ya kuziba vyumba vyake aliniuliza: «Papa, ukiisha kuziba hivi, makala (makaa) nitapikia wapi mvua ikinyesha?» Swali lake lina uzito kuliko jedwali lolote la kanuni. Makala yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, na mbabula (jiko la makaa) inayoingizwa chumbani usiku ili kupasha joto inaua watu wakiwa usingizini. Nyufa mnazotaka kuziba ndizo pekee zinazopunguza gesi hiyo, japo hazitoshi. Hata Marekani, katika sehemu nyingi nyumba inayopimwa chini ya mara 5 kwa saa inadaiwa kuwa na mashine ya kupitisha hewa. Kwa hiyo jiko litoke kwanza nje ya nyumba, au lipewe chumba chake chenye matundu makubwa chini na juu. Baada ya hapo ndipo tuzungumze kuziba. Usibadilishe mpangilio huo hata mwenye nyumba akikusihi.

Jambo hilo lina upande wake wa usalama siku ya kupima. Feni ikivuta hewa kutoka ndani, inavuta pia moshi kurudi kwenye bomba la jiko, na inavuta kilichoko ardhini. Kwetu ardhini kuna mazuku. Gesi ile, dioksidi ya kaboni, ni nzito kuliko hewa. Inalala mabondeni na kupanda kupitia mipasuko ya lava, hasa magharibi mwa mji kuelekea Bulengo na Lac Vert. Nyumba iliyoko huko usiiwekee feni ya kuvuta. Geuza feni isukume hewa kuingia ndani, kipimo kinakubalika pande zote mbili, na kabla ya hapo hakikisha kwa kifaa cha kupima gesi kwamba vyumba vya chini viko salama. Mbabula itolewe nje kabisa. Kuizima tu hakutoshi, makaa yaliyofunikwa majivu yanaendelea kutoa gesi. Na sakafu ya huko ndiyo ufa wa kwanza kuzibwa, kabla ya dirisha lolote.

Mji wetu uko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Feni zinahakikiwa kwa hewa nzito ya pwani, kwa hiyo mtiririko unaosomwa hapa bila masahihisho unapungua kwa karibu asilimia 8 au 9. Programu ya kipimo inapokuuliza urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari, jaza. Pima asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka, na soma shinikizo feni ikiwa imefunikwa, mwanzoni na mwishoni: likizidi paskali 5, kiwango cha kimataifa ISO 9972 kinakuambia kipimo hakifai, rudi siku nyingine. Umeme wa jenereta unaopanda na kushuka unayumbisha feni. Betri yenye inverta nzuri inatulia zaidi.

Chukua angalau vipimo vitano katika shinikizo tofauti, usitosheke na kimoja cha paskali 50. Programu itachora mstari na kukupa kipeo, namba inayoonyesha jinsi mtiririko unavyopanda shinikizo likipanda, ambacho kwa nyumba ya kawaida kinakaribia 0.65. Kikitoka chini ya 0.5 au kikapita 1, kuna kitu kilibadilika katikati: dirisha limefunguka, skochi imebanduka, au mtoto amepita mlango wa nyuma. Tafuta ni nini, kisha anza upya.

Msikope pesa kununua mashine sasa. Ni ghali, na manometa yake inahitaji kuhakikiwa mara kwa mara. Anzeni na feni ya kawaida iliyowekwa dirishani, nafasi iliyobaki ikizibwa kwa kartoni, na ubani wa sokoni Virunga. Haitawapa namba, lakini nyufa kubwa itawaonyesha. Chagueni nyumba ambayo plafo bado haijafungwa, fundi angali yupo, na ngazi ipo karibu.