Maswali ya wafuga nyuki: bei ya ndoo, asali iliyoganda na mali kauli

Swali: Nafuga nyuki Sikonge. Kila msimu mnunuzi huja na ndoo zake za lita 20 na bei yake mfukoni. Nifanyeje ili nami nipate?

Jibu: Kabla ya kubishana bei, badilisheni kipimo. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ina kilo 1.4 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa ina kilo 28. Mnunuzi analijua hilo, ndiyo maana hubeba ndoo na kuacha mizani. Tuseme mmepatana shilingi 8,000 kwa kilo, naye akahesabu ndoo kuwa kilo 20: atakulipa 160,000 badala ya 224,000. Hizo 64,000 ni jasho lako, na kwa ndoo kumi ni 640,000. Inaniuma kuona familia zinazolala porini na mizinga zikipunjwa hivi mwaka baada ya mwaka. Changeni wafugaji kadhaa mnunue mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, pimeni mbele ya mnunuzi, andikeni. Na mkikusanya mzigo pamoja, mtapata wanunuzi ambao hawawezi kufunga safari kwa ndoo mbili. Asali iliyoiva na kufungwa vizuri haiharibiki upesi, basi usiuze yote wiki ya kurina kwa sababu ada ya shule inakukaba. Uza ya kutatua shida, nyingine iweke.

Swali: Mteja wa Dodoma amenirudishia chupa. Asali imeganda, anadai nimetia sukari.

Jibu: Asali halisi huganda. Ina glukosi kwa wingi, nayo hujitenga na kuwa chengachenga, hasa kukiwa na baridi. Ipi itawahi kuganda hutegemea maua ambayo nyuki wamefuata. Mwambie mteja asimamishe chupa kwenye maji ya vuguvugu, yale unayoweza kutia mkono bila kuungua, na asubiri. Isichemshwe jikoni, maana hupoteza harufu yake na rangi hugeuka. Maelezo hayo yaandike kwenye lebo kabla hajauliza. Na wale wanaopima asali kwa kuchovya njiti ya kiberiti wakaiwasha, usishindane nao kwa njia hiyo. Njiti kuwaka au kutowaka hakuthibitishi kwamba asali ni safi.

Swali: Asali yangu inatoa povu, na makopo yamefura.

Jibu: Ulirina mapema. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huchacha. Chukua masega ambayo nyuki wameshayafunika kwa nta, angalau robo tatu ya sega. Yenye vyumba vilivyo wazi yaache mzingani. Usirine siku ya mvua, na ndoo isikae wazi, kwa kuwa asali huvuta unyevu wa hewani. Hiyo iliyochacha usiiuze kama asali ya mezani. Mteja akionja mara moja, hatarudi.

Swali: Mwenye duka anataka nimpe chupa kwa mali kauli, yaani achukue sasa, alipe baadaye.

Jibu: Mpe chache, mwandikishane idadi na siku ya kulipa, na usiongeze mzigo kabla ya kulipwa wa kwanza. Bei ya duka mpangiane, isije ikawa chini ya ile unayowauzia majirani.

Swali: Nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, si ya viwanda vikubwa tu?

Jibu: Hapana. Mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kwa barua ya utambulisho, kisha TBS hukagua mahali unapofungashia na kupima sampuli. Chumba safi, chujio safi na vyombo ambavyo havijawahi kubeba mafuta ya taa wala dawa ndivyo vya kwanza kuandaa. Kwenye lebo ongeza kwamba asali haifai kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1.

Swali: Masega niliyokamua nayatupa. Ni sawa?

Jibu: Usiyatupe! Yachemshe kwenye maji kwa moto mdogo, chuja kwa gunia ukilikamua kwa vijiti viwili, kisha acha nta igande polepole juu ya maji. Sufuria ya chuma chakavu huifanya kuwa nyeusi. Watengeneza mishumaa, sabuni na mafuta ya kupaka huinunua, lakini anzia kijijini kwako: ulizia nani ametundika mizinga mipya ambayo bado haijaingia nyuki, kwa sababu mzinga uliopakwa nta huvuta kundi.