Kabla Hujamwandikisha Mwanao Kwenye Utafiti wa Uti wa Mgongo

Mzazi ambaye mwanawe ameumia uti wa mgongo husoma habari za utafiti kwa njaa. Nazungumza kama mama: binti yangu aliumia akiwa mdogo, na tangu hapo nimesoma kila nilichokipata. Ushauri wangu kwa wenzangu ni huu: kabla ya kuuliza kama watoto walitembea, uliza walikuwa watoto wa namna gani, na nini hasa kilipimwa.

Mwaka 2008, Andrea Behrman na wenzake nchini Marekani walichapisha habari za mvulana wa miaka 4 na nusu aliyeumia shingoni na kukaa miezi 16 bila kutembea. Walimning'iniza kwa mikanda juu ya mashine ya kutembelea, wakaiongoza miguu na nyonga zake kwa mikono. Baada ya vipindi 76 alikuwa akitembea kwa kushikilia fremu yake ya kutembelea. Nililia niliposoma. Lakini jeraha lake halikuwa kamili, yaani ubongo bado uliwasiliana kidogo na miguu. Tena alikuwa mtoto mmoja. Mwenye jeraha kamili hawezi kuahidiwa hayo kwa kumtazama huyu.

Ripoti ile ilinifundisha pia kwamba uti ulio chini ya jeraha haujafa. Hupokea habari kutoka kwenye nyayo na nyonga, na mazoezi ya kurudiarudia yanaweza kuuamsha.

Mwaka 2021 Behrman na watafiti wengine walichapisha utafiti wa watoto 8 waliopitishiwa umeme mdogo mgongoni, juu ya ngozi, bila upasuaji. Kilichopimwa ni usalama na uwezo wa kukaa wima. Wazazi wengi hulipita tokeo kama hilo haraka, nami nawasihi wasilipite. Mtoto aliyeumia kabla ya kubalehe yuko kwenye hatari kubwa mno ya mgongo kupinda na nyonga kuteguka kadiri anavyokua. Kiwiliwili kikisimama, mikono huwa huru. Siku binti yangu alipoacha kujishikilia mezani alichukua penseli akachora kwa mkono mmoja, karatasi akiishika kwa mwingine. Hilo kwangu ni tokeo kamili, si hatua ya kuelekea kwingine.

Ukikutana na watafiti, waulize kama mifupa ya mtoto itapimwa kabla ya kubebeshwa uzito, maana mifupa isiyosimama hudhoofika na huvunjika kirahisi. Uliza nani ataendelea naye utafiti ukiisha.

Na ikiwa jeraha liko usawa wa kifua cha juu au shingoni, hakikisha kila anayemshika anajua hatari ya shinikizo la damu kupanda ghafla: kichwa kuuma, uso kuwa mwekundu, jasho. Mara nyingi chanzo ni kibofu kilichojaa. Shinikizo la kawaida la watoto hawa huwa chini, hivyo kipimo kinachoonekana salama kwa mtu mzima kinaweza kuwa cha hatari kwao. Pima la mwanao akiwa ametulia, liandike, wape nakala.

Mwisho, muulize mtoto mwenyewe, hata akiwa na miaka 6. Mweleze mazoezi ni mangapi kwa wiki na michezo gani ataikosa. Binti yangu aliukataa mradi mmoja kwa sababu hiyo, nami nikawaandikia watafiti kwamba hatutashiriki.