Usimsafishe mzee mpaka akapotea: kuhariri kumbukumbu za familia

Baba yangu alipostaafu alinunua kaunta buku, akaandika maisha yake humo kwa mkono, kurasa arobaini na kitu. Akalileta hapa Mtwara mwenyewe, kutoka Nachingwea, limefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. "Mwanangu, nitengenezee hii, wajukuu wasome."

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nikashika kalamu nyekundu kama ninayesahihisha insha za kidato cha nne. Yeye alikuwa ameandika: "Tuliamka alfajiri kwenda kuchimba ming'oko, tumbo halina kitu, mama mbele anaimba." Mimi nikaandika: "Kutokana na upungufu wa chakula, tulilazimika kutafuta mizizi ya porini." Nilipomsomea, alisikiliza mpaka mwisho wa ukurasa, kisha akaniuliza taratibu, "Huyu ni nani?"

Swali hilo ndilo lililonifundisha kazi hii. Tangu hapo nimesaidia familia nne au tano za jirani, na kila ninapoanza hujikumbusha kwamba wasomaji wa maandishi haya wanamjua mwandishi. Wanaijua sauti yake ya mezani. Ukiibadilisha watahisi kwenye mstari wa kwanza. Kwa hiyo sahihisha tahajia, weka nukta na aya, ondoa pale aliposimulia jambo lile lile mara mbili, halafu simama hapo. Wazee wetu wengi husema "ntoto" na "Ntwara". Mimi huandika "mtoto" na "Mtwara" ili msomaji asikwame, lakini maneno yao na mpangilio wao siyagusi. Ming'oko ibaki ming'oko. Mjukuu wa Dar es Salaam asiyeijua atamuuliza mama yake, na hapo mazungumzo yameanza.

Kazi kubwa zaidi iko kwenye yale ambayo mzee hakuyaandika. Wazee hufupisha palipo na utamu. Baba aliandika safari yake ya kwanza ya Dar es Salaam kwa sentensi moja: "Tulipata shida sana njiani." Sikuifuta wala sikuipamba. Nilimpigia simu nikamuuliza: mlilala wapi, mlikula nini, nani alikaa pembeni yako? Alizungumza karibu saa nzima. Ilikuwa masika, gari likazama kwenye tope, wanaume wakashuka kusukuma wamekunja suruali hadi magotini. Siku ya nne ndipo wakafika pantoni ya Ndundu, mto Rufiji umejaa, foleni haisogei. Mama mmoja muuza samaki akamtandikia mkeka, na asubuhi akakataa hela yake. Nikayaandika kama alivyoyasema. Mwanangu, ambaye huvuka mto huo kwa Daraja la Mkapa akiwa amelala kwenye basi na kuamka Mbagala, aliusoma ukurasa huo mara mbili, kisha akauliza kama yule mama bado yupo.

Uliza maswali ya namna hiyo, ya kushikika. Ukimuuliza mzee "ulijisikiaje?" atakujibu "vibaya" na mmemaliza. Ukimuuliza ulivaa nini, anarudi kulekule.

Miaka ina shida yake. Baba aliandika kwamba alipanda treni ya Nachingwea kuja Mtwara mwaka 1967. Reli ile, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Sikumwambia amekosea. Nilimuuliza, "Baba, siku hiyo ulikuwa umeshatoka jandoni?" Akanyamaza kidogo. "Bado. Nilikuwa mdogo, dada alinishika mkono." Basi tukaandika: "Kabla sijaingia jandoni, reli ingalipo." Wazee wanapima umri kwa jando, kwa njaa, kwa kuhamishiwa vijijini wakati wa Operesheni Vijiji, na vipimo hivyo mara nyingi ni imara kuliko tarakimu. Viache, kisha ongeza mwaka pembeni pale tu una hakika nao.

Jambo jingine ni lile ambalo kwa mwandishi halihitaji maelezo. Baba aliandika, "Mjomba akakataa nisiende shule ya kati, nikakaa mwaka mzima." Watoto waliokulia mjini waliniuliza kwa nini mjomba, babu alikuwa wapi? Nikamrudishia swali, naye akaniongezea mstari: "Kwetu Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba." Mstari mmoja unatosha. Ukianza kuandika kurasa tatu za mila, umeshaandika kitabu chako.

Sasa lililoniuma. Ndani ya daftari kulikuwa na aya kuhusu ndoa ya kwanza ya shangazi, jinsi ilivyovunjika. Ilikuwa kweli, tena imeandikwa kwa huruma. Nikaiacha. Nakala zikagawiwa kwenye arusi ya ndugu yetu, na shangazi akaisikia ikisomwa na kijana wa miaka kumi na tano mbele ya wakwe. Hakunigombeza. Aliinuka akaenda kukaa jikoni, na mimi nikabaki na karatasi mkononi. Tangu siku hiyo kila aliyetajwa kwa jambo zito na bado yu hai husomewa aya yake kwanza, ana kwa ana, kabla ya kuchapa. Akisema ondoa, naondoa, hata kama ndiyo aya nzuri kuliko zote. Mashamba ya mikorosho na nani alirithi nini, hayo ndiyo ya kwanza kuyapeleka kwa wenyewe.

Kwenye uchapaji, tumia maandishi makubwa, saizi ya 14 au 16, kwa ajili ya macho ya wazee. Ukurasa wa kwanza weka majina ya ukoo: nani kamzaa nani, nani anamwita nani mjomba. Steshenari yoyote itakutolea nakala na kuzibana spairo.

Na mwishoni acha kurasa tupu, tano au sita. Nilizitengeneza upya nakala zetu, bila ile aya, nikampelekea shangazi ya kwake. Kwenye kurasa zile tupu ameshaandika mistari minne kwa penseli. Bado hajaniruhusu kuisoma.