Kobe amegoma kula

SWALI: Nipo Leeds, Uingereza. Kobe wetu mwenye madoa kama ya chui hali tangu baridi ianze. Nimemtandikia mkeka wa umeme, na tanki lake la kioo liko dirishani apate jua. Shida ni nini?

JIBU: Pole, dada yangu. Huo mkeka utoe leo hii. Kobe huota jua kwa mgongo; joto la chini laweza kumuunguza tumbo. Funga taa ya joto juu ya kona moja, imulike jiwe bapa. Pima hapo juu ya jiwe: iwe nyuzi 35 hivi, na kona ya pili 25, ajichagulie mwenyewe. Hili la kujichagulia nalisisitiza kuliko yote. Mwili wake hauzalishi joto la kutosha. Akipoa, chakula hakisagiki tumboni, naye anaacha kula.

Jua la dirishani halitoshi, kwani kioo huzuia miale ya UVB, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Bila miale hiyo hatengenezi vitamini D3, na gamba hulegea. Weka taa ya UVB, iwake kwa muda wa saa 12 kila siku.

Na usimwache alale msimu mzima wa baridi kama kobe wa Ulaya. Huyu wa kwetu Afrika hana desturi hiyo. Akiendelea kugoma, mwone daktari wa wanyama mwenye uzoefu na kobe.