Pasaka na mungu wa kike wa Waingereza

Ndugu yangu, umeuliza kama ni kweli Pasaka ilianza kwa mungu wa kike wa kipagani aitwaye Eostre. Sikubali, na ushahidi uko mdomoni mwetu. Sisi hatusemi "Easter" kama Waingereza, tunasema Pasaka, na neno hilo linatoka Kiebrania, Pesakh, sikukuu ya Wayahudi ya kukumbuka kutolewa Misri chini ya Musa. Habari za Eostre aliziandika mtawa Bede huko Uingereza mwaka 725, akieleza tu jina la mwezi mmoja wa kalenda ya Waingereza wa kale. Wakati huo Wakristo walikwishasherehekea Pasaka kwa karne nyingi, tena kwa Kigiriki na Kilatini, nao waliiita Pascha.

Kwa Injili, Yesu alisulubiwa siku zile zile za Pasaka ya Kiyahudi. Ndiyo maana tarehe inahama: inafuata mwezi. Hapa Unguja nani asiyejua mjadala wa mwezi umeandama au bado? Basi na makanisa ya mwanzo yalibishana khasa. Ya Asia Ndogo yaliadhimisha tarehe 14 ya Nisani, mwezi wa Kiyahudi wa Pasaka, iangukie siku yoyote, na Roma ikangoja Jumapili. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano wa maaskofu, mwaka 325, ukataka wote waadhimishe Jumapili moja. Kanuni iliyokuja kushika ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia 21 Machi. Kwa hiyo kengele za makanisa yetu ya Mkunazini na Minara Miwili hulia Pasaka Machi mwaka huu, Aprili mwaka mwingine.